Nilivyopanga vinywaji vya walima, kila chakula na sharubati yake

Kwenye shughuli zetu za pwani mpishi hupewa heshima zake zote, na anastahili. Ataulizwa mchele gani, samli ya wapi, mbuzi wa umri gani. Kinywaji hakiulizwi. Zinaagizwa kreti za soda na ndoo ya juisi ya embe, basi, na biriani iliyoangaliwa usiku kucha inateremshwa kwa sukari tupu. Binamu yangu alipokuwa anaoa hapa Tanga, mama mdogo alinikabidhi vinywaji vya walima. Nikamwomba kitu kimoja tu: anipe kwanza orodha ya vyakula, ndipo nimwambie watu watakunywa nini.

Orodha ikaja: sambusa na kachori za kuanzia, biriani ya mbuzi, pilau, samaki wa kupaka, mishkaki yenye pilipili ya kutosha kwa ajili ya vijana, na halua ya mwisho.

Watu wengi hudhani kuoanisha chakula na kinywaji ni mambo ya mvinyo na hoteli kubwa. Mimi siamini hivyo. Ukichunguza kinachoufanya mvinyo ukubaliane na nyama, utakuta ni uchachu wake, ukakasi wake, na desturi ya kuunywa funda moja moja. Hayo yote tunayo bila tone la pombe. Uchachu tunao kwenye ukwaju, ndimu, ubuyu na choya, yaani yale maua mekundu ya rosela. Ukakasi uko kwenye choya hiyohiyo na kwenye chai ya rangi. Tangawizi na pilipili manga zina mwasho unaomfanya mtu anywe taratibu, na uchungu tunaupata kwenye kahawa na maganda ya chungwa. Kinachotuharibia ni sukari. Sharubati ikishakuwa tamu sana inakuwa chakula cha pili, inajaza tumbo kabla ya wali na kuuziba ulimi usisikie viungo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza sukari, na hapo kuna jambo la kuangalia. Ubaridi huficha utamu. Juisi uliyoionja ikiwa na joto la jikoni ukasema imekolea, ikitoka kwenye friji utaiona imepungua utamu. Mimi naonja kila kitu kikiwa baridi kama kitakavyofika mezani, tena nikiwa nimeshatafuna kipande cha chakula chenyewe. Kuonja juisi peke yake hakukuambii chochote kuhusu biriani.

Biriani ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Ina samli, ina vitunguu vya kukaanga, ina mtindi kwenye rojo, na nyama ya mbuzi ina mafuta yake. Baada ya matonge machache ulimi unavaa utando wa mafuta, na ladha ya iliki inaanza kufifia. Kinachoutoa utando ule ni uchachu, kwa sababu unaamsha mate na kinywa kinajisafisha chenyewe. Nikachagua ukwaju. Robo kilo ya ukwaju niliiloweka kwenye maji ya moto, nikaikamua kwa mkono na kuichuja mara mbili, halafu nikaongeza maji hadi ikatimia lita 3. Sukari niliweka gramu 150 hivi, ambayo kwa mazoea yetu ni kidogo sana. Nikatia kipande cha tangawizi kilichotwangwa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi watu huiogopa kwenye juisi, lakini kidogo tu inalainisha ule ukali wa ukwaju na kuifanya ladha yake itulie. Iliki sikuweka kabisa. Biriani ina iliki yake, na nilitaka isikike kutoka kwenye sahani.

Sehemu ya ukwaju ule niliigandisha kwenye vibati vya barafu. Barafu ya maji ikiyeyuka kwenye jagi, wageni wa mwisho wananywa maji yenye rangi. Barafu ya ukwaju ikiyeyuka inabaki kuwa ukwaju.

Pilau nililitendea tofauti. Kwenye biriani nilitafuta kinywaji cha kupingana na chakula, kwenye pilau nikatafuta cha kufanana nacho. Pilau letu linanukia karafuu, mdalasini na bizari ya pilau, basi nikachemsha choya pamoja na karafuu na mdalasini ili harufu ya kwenye glasi na ya kwenye sahani zishikane. Choya ina wekundu unaopendeza harusini, na ule ukakasi wake unafaa sana kwenye wali wenye nyama. Angalizo langu ni kwenye karafuu: zisizidi nne kwa lita. Mafuta ya karafuu yana kitu kinachoitwa eujenoli, ndicho kinachotia ganzi, na ndiyo maana mtu mwenye jino bovu huambiwa aiume karafuu. Ukizidisha, wageni watakuwa na ulimi wa ganzi mbele ya pilau zuri.

Mishkaki ilileta mjadala. Vijana walitaka soda baridi, wakisema ndiyo inayoua pilipili. Haiui. Kile kinachowasha kwenye pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Maji na soda vinakisambaza mdomoni, na gesi ya soda nayo ina mchomo wake, kwa hiyo mtu anajiongezea. Maziwa ndiyo yenye dawa, kwa kuwa protini yake, kaseini, inakinasa na kukiondoa kwenye ulimi. Nikapiga mtindi kwa maji baridi, vipimo sawa, nikatia chumvi, bizari ya pilau iliyokaangwa kavu kisha ikasagwa, na majani ya mnanaa yaliyokatwa. Hiki si kigeni pwani. Wahindi wa miji yetu wamekuwa wakinywa mtindi wa namna hii na vyakula vyao vikali tangu zamani, na sisi majirani tumeonja. Walionung'unika kwamba maziwa ya chumvi hayana raha, niliwaomba wale kwanza mshikaki mmoja kisha wanywe funda moja. Mijagi ilirudi mitupu.

Msichana aliyekuwa ananisaidia alishauri tuchanganye nanasi kwenye ule mtindi. Nikamzuia. Nanasi bichi lina kimeng'enya, bromelaini, kinachomeng'enya protini za maziwa, na mchanganyiko ukikaa muda unakuwa mchungu. Ukilichemsha nanasi, kimeng'enya kile kinakufa na tatizo linakwisha, ila sikuona sababu ya kuutia mtindi utamu wakati kazi yake ni kutuliza pilipili.

Nanasi nililipeleka kwenye sambusa na kachori, na si nyama yake bali maganda. Maganda yaliyooshwa vizuri, yakichemshwa na tangawizi nyingi na mdalasini kidogo, yanatoa kinywaji chepesi chenye harufu kubwa na utamu wake wa asili. Nilikipooza, nikakikamulia ndimu. Pale mezani kilichanganywa nusu kwa nusu na maji ya gesi. Gesi inayomsumbua mla pilipili ndiyo hiyohiyo inayomfaa mla vitu vya kukaanga: viputo na tangawizi vinakwangua mafuta, na mtu anaitamani sambusa nyingine.

Samaki wa kupaka sikumsumbua. Tui, ndimu na moshi wa mkaa vimeshajitosheleza, na kinywaji chenye sauti kubwa kingevifunika. Maji ya tango lililosagwa na kuchujwa, mnanaa na ndimu kidogo, sukari hakuna.

Kuhusu halua, wazee wetu walishamaliza kazi na sikuwa na cha kuongeza. Kitu kitamu sana hukifanya kinywaji kitamu kionekane kichachu. Jaribu juisi ya pasheni baada ya halua, utakunja uso. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, yenye tangawizi, ndiyo mwenzake halua, kama ilivyo mwenzake kashata na tende. Nilisimamia jambo moja tu, nalo ni kwamba kahawa itoke pamoja na halua. Mara nyingi huja wakati halua imeshaliwa na watu wanatafuta viatu.

Ugawaji nao unahitaji mpango, la sivyo jitihada yote inapotea. Nilikaa na vijana wa kugawa tukakubaliana jagi lipi linafuata sinia lipi, na glasi ziwe ndogo. Glasi kubwa inamwambia mgeni ajaze tumbo. Soda niliziacha kwenye barafu pembeni kwa anayezitaka, maana mgeni halazimishwi. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, niliyemwamkia nikimpa ukwaju, aliniambia, "Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo ya kulia biriani." Akaongeza tonge, akaongeza ukwaju. Mama mdogo alikuwa nyuma yangu na aliyasikia.

Tangu hapo nimeendelea kujaribu nyumbani. Urojo ndio unaonipa kazi zaidi, kwa sababu wenyewe tayari ni mchachu, na sharubati yoyote ya ukwaju au ndimu ukiiweka karibu nao inapwaya. Kilichofaa hadi sasa ni dafu tupu lililopoa: lina utamu mdogo, lina chumvichumvi kwa mbali, na linauacha urojo useme. Kwa mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, chai ya rangi yenye mchaichai imenipendeza kuliko ya maziwa, kwani nazi ni nzito tayari. Ubuyu nimeuoanisha na mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili ya unga. Unga wa ubuyu huupiga na maji hadi uwe mzito kidogo, nikautia asali badala ya sukari, na uzito ule pamoja na uchachu wake unaifaa mihogo mikavu kuliko juisi nyepesi yoyote niliyoijaribu. Anayetaka kuanza aanze na hiyo. Ni rahisi, vyote vinapatikana sokoni, na tofauti utaisikia kwenye funda la kwanza.