Vile nilianza kupima mvua ya mawe na foili ya jikoni

Shida ilianza na shemeji. Chai yake iko ng'ambo ya bonde, ukisimama mlangoni kwangu unaona mabati yake, lakini kila nikimwambia mawe yamenimaliza ananijibu "shemeji wewe nawe unazidisha, huku kumenyesha tu kidogo". Siku moja majani yangu yote yalichanika, yeye jioni hiyo hiyo kapeleka kilo zake bayingi senta, pale wanaponunua majani ya chai, kama kawaida. Na utaonyesha nini, saa kumi na moja barafu yote imeshayeyuka.

Kericho hapa Kenya tumezaliwa na hii mvua. Namba inayotajwa sana ni siku 132 za mawe kwa mwaka, upepo wa Ziwa Victoria unapanda huku juu unakutana na ule wa mashariki na ikifika alasiri ni vita. Sawa, lakini hiyo namba haikwambii ni shamba la nani limepigwa.

Nikasoma kwamba kule Colorado, Marekani, tangu 1998 raia wa kawaida wanapima na kitu rahisi sana, kipande cha povu nyeupe ngumu futi moja kwa futi moja, unene inchi moja, kimefungwa foili nzito. Jiwe likigonga linaacha shimo. Povu nilikuwa nayo kwa katoni ya TV, foili nikanunua, nikafunga, nikauweka huo ubao wangu nje nikangoja. Siku ya tatu nakuta mashimo tele na mvua haijanyesha! Nikachanganyikiwa kabisa, kumbe ni kuku wa mama watoto, wameona kitu kinang'aa wakadonoa. Ubao ukapanda juu ya nguzo, mrefu kama mtu.

Sasa shimo linamaanisha jiwe la ukubwa gani? Hapo nilitumia gololi za mtoto. Gololi ya gramu 5 ukiiachilia kutoka kama sentimita 70 inagonga karibu sawa na jiwe la sentimita moja, kwa sababu jiwe ni jepesi lakini linakuja kwa kasi. Nikaangusha kadhaa, nikapima mashimo, nikapata ya kulinganisha. Nilitaka pia jiwe la sentimita mbili nikaacha, upana ukiongezeka mara mbili nguvu inapanda kama mara 16, ningehitaji kupanda juu ya mti wa mita 11 na umri wangu huu hapana.

Ubao mmoja hautoshi lakini, mawe yanapita kwa ukanda mwembamba, hapa yanaua pale hakuna. Nikatengeneza mbao nyingine mbili nikawapa majirani, halafu nikafungua grupu ya WhatsApp, na hapo ndio kazi ilikuwa kubwa kuliko povu. Watu wanakuza mambo! Kila jiwe ni "kama yai". Nikasema hapana, tunalinganisha na vitu hivi tu: punje ya mahindi, haragwe, gololi, na kama ni kubwa zaidi piga picha na sarafu ya kumi kando yake, mapema kabla haijayeyuka. Uswisi nao wanafanya hivyo kwa app ya simu, yao inaanzia punje ya kahawa mpaka mpira wa tenisi. Na kitu kilichonisumbua sana ni kuwafanya watu waandike "huku hakuna". Mtu akinyamaza hujui kama hakupigwa au simu imezima, na bila hao wa "hakuna" huwezi kuchora mpaka.

Mvua ya nne tangu tuanze grupu ndio ilitoka vizuri. Mbao mbili zimetobolewa, moja safi, meseji kumi na nne, na saba kati yake ni "hakuna", ya kwanza ikiwa ya shemeji saa tisa na nusu. Nikachora kwa daftari ya mtoto, ukanda wa kama kilomita moja na nusu, unapita juu ya shamba langu na kukata kabla ya mto. Nikampelekea picha. Akajibu "haya, basi na mimi niletee ubao".

Shida iliyobaki ni kwamba ubao haujui saa, mvua mbili zikifuatana zinachanganyika. Uswisi walifunga mashine 80, ni sahani ya plastiki na maikrofoni chini inayosikia kila pigo na dakika yake. Kijana mmoja wa hapa anajaribu kuniundia kama hiyo na spika ndogo ya kengele, mpaka sasa inahesabu hata matone ya kawaida, na juzi imehesabu paka.