Siku moja maishani mwangu: jenomu ya kwoli

Saa moja na nusu asubuhi. Vijichupa 12 vimekesha kwenye nyuzi 56 ili nyama iyeyuke, kila kimoja na kipande cha sikio cha milimita 2 kutoka kwa kwoli wa kaskazini, mla nyama mdogo wa Australia mwenye mfuko na madoa meupe. Chura wa miwa, aliyeletwa Queensland mwaka 1935, ana sumu inayomuua kwoli akimla, na madume wengi wa kwoli hufa baada ya msimu mmoja tu wa kupandana. DNA ya mitokondria, yaani ya viungo vidogo vinavyoipa seli nishati, hurithiwa kwa mama, kwa hiyo inatuonyesha nasaba zilizobaki na mahali zilipo.

Saa mbili, kusafisha DNA kwa vichujio vya silika. Baada ya kuosha, zungusha vichujio vikiwa vitupu dakika 2 zaidi. Ukiruka hatua hiyo ethanoli hubaki, sampuli huelea na kutoka kwenye kishimo cha jeli tunayopimia urefu wa DNA, na PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, hugoma.

Saa nne, PCR ndefu. Jenomu ya mitokondria, yaani DNA yake yote, ina besi (herufi za DNA) takriban 17,000, nasi tunaipata kwa vipande viwili vya 9,000 hivi vinavyolaliana kwenye ncha. Kurefusha ni dakika 10 kwa nyuzi 68, mara 30. Piga hesabu: zaidi ya saa tano. Vipande vifupi vingekwisha mapema, lakini kiini cha seli kina nakala chakavu za DNA ya mitokondria, nyingi zikiwa fupi, na praima, vijipande vya DNA vinavyoanzisha kunakili, huzishika bila kubagua. Utapata mfuatano safi kabisa wa kitu ambacho sicho.

Mashine ya PCR ikiwa inazunguka, data za wiki iliyopita zinasubiri. Watu hudhani mashine ya kusoma DNA ikishasoma, kazi imekwisha. Thubutu! Programu ikiachwa kwenye jedwali la kawaida la kodoni, yaani herufi tatu tatu zinazotaja asidi amino za protini, TGA inasomwa kama kituo, alama ya mwisho wa jeni, na kila jeni linaonekana limekufa. Weka jedwali la mitokondria za wanyama wenye uti wa mgongo: TGA ni triptofani, AGA na AGG nazo ni vituo. Kituo kikibaki katikati ya jeni baada ya hapo, shuku nakala ya kiini.

Kisha programu inadai kuna tRNA (RNA inayobeba asidi amino) mbili za glisini na haioni ya aspartati. Usisahihishe! Kwa wanyama wa mfuko, antikodoni ya aspartati, herufi tatu ambazo tRNA hutumia kushika kodoni, huandikwa GCC kwenye DNA, na seli huihariri kuwa GUC kwenye RNA. Ya lisini nayo imechakaa. Anayeanza kazi hii hupoteza alasiri nzima akitafuta kosa lisilokuwepo.

Eneo la udhibiti, sehemu ya jenomu inayoongoza kunakiliwa kwake, ndilo linalochosha. Marudio yamepangana, visomo vya besi 150, vipande ambavyo mashine husoma kwa mara moja, haviyavuki, na programu huyabana yakawa machache kuliko yalivyo. Namba ya urefu inayotoka hapo siiandiki hadi visomo virefu vipite juu yake. Macho yanawasha.

Jua limeshazama jeli inapowashwa taa. Vishimo 24, mikanda ya 9,000 imenyooka. Cha saba kina miwili. Hicho kinarudi kesho, na praima nyingine.