Siku moja maishani mwangu: kutafuta jeti katika migongano ya viini vya risasi, nikiwa Dodoma

Saa 1:30 asubuhi
Dirisha linabaki limefungwa, maana upepo wa kiangazi hapa Dodoma huingiza vumbi hadi kwenye feni ya kompyuta. Kazi ya leo ni kuunda upya jeti zinazotokana na migongano ya viini vya madini ya risasi, ile inayofanyika kwenye LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe karibu na Geneva. Jeti ni chembe nyingi zinazotoka pamoja kuelekea upande mmoja baada ya kwaki au gluoni, chembe zilizomo ndani ya protoni, kugongwa kwa nguvu. Protoni mbili zikigongana, jeti huonekana wazi. Kwenye risasi, yenye protoni 82 kwa kila kiini, jeti huzama katikati ya maelfu ya chembe zisizoihusu.

Jeti hupoteza nishati inapopita kwenye plazma ya kwaki na gluoni, yaani supu yenye joto kali inayozaliwa kwenye mgongano. Katika migongano ya uso kwa uso, jeti za karibu GeV 100 (GeV ni kizio cha nishati ya chembe) hupatikana karibu nusu tu ya matarajio. Upungufu huo ndio tunaoupima, kwa hiyo kosa dogo la kuondoa mandharinyuma, zile chembe zisizoihusu jeti, linaweza kuvaa sura ya fizikia.

Saa 3:00 asubuhi
Naanza na matukio ya kuigiza, kwa sababu humo jibu sahihi linajulikana. Naweka chembe 1,600 zenye chaji kwa kila kizio cha pseudorapiditi (kipimo cha mwelekeo wa chembe kulinganisha na mhimili wa miali), kila moja ikiwa na wastani wa GeV 0.7 za momenta mtambuka, ile inayokata mhimili huo. Zidisha, kisha gawanya kwa 2π, pembe ya mzunguko mzima: msongamano, yaani rho, ni karibu GeV 178 kwa kizio cha eneo. Jeti ya R = 0.4 (R ni nusu kipenyo chake) ina eneo la karibu 0.5, hivyo imebeba GeV 90 hivi zisizo zake. Ya R = 0.2 imebeba GeV 22 tu.

FastJet, programu ya kutafuta jeti, inaendeshwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa algoriti ya kt: vikundi viwili vikubwa zaidi vinaachwa, vilivyobaki vinagawanywa momenta kwa eneo, na thamani ya kati ndiyo rho. Mara ya pili ni kwa anti-kt, ya Cacciari, Salam na Soyez (2008), inayotoa jeti zenyewe. Kisha kila jeti inapunguzwa rho mara eneo lake.

Eneo hupimwa kwa chembe hewa, yaani za kubuni, zenye momenta karibu sifuri, kila moja ikishika eneo la 0.005. Hapa watu wengi hukwama. Nimeiga upana wa kigunduzi cha kati cha ALICE, mojawapo ya majaribio ya LHC, kuanzia −0.9 hadi 0.9. Chembe hewa zikiishia ndani ya mpaka huo, eneo linapungua na jeti inabaki na momenta ya ziada. Zikivuka mpaka, vikundi vitupu vinaishusha rho. Kwa R = 0.4, mhimili wa jeti usizidi 0.5, ili jeti nzima ibaki ndani ya 0.9.

Saa 5:00 asubuhi
Huu ndio ukaguzi ninaouthamini kuliko wote. Natupa miduara ya R = 0.4 mahali popote bila kuangalia jeti, najumlisha momenta iliyomo, natoa rho mara πR². Wastani ukiwa mbali na sifuri, nasimamisha kila kitu.

Wastani ukikaa sawa, bado kuna mtawanyiko. Duara moja lina chembe 128 hivi, na mkengeuko sanifu unatoka karibu GeV 10. Kwa R = 0.2 ni karibu 5. ALICE ilipima karibu 11 kwa R = 0.4 kwenye data halisi za migongano ya TeV 2.76 (TeV moja ni GeV 1,000), kwa sababu chembe halisi hazitawanyiki kibahati tupu: zina mtiririko wa pamoja.

GeV 10 si kitu cha kupuuza. Idadi ya jeti ikishuka kwa kipeo cha 5 cha momenta, jeti za GeV 50 ni mara mbili na nusu ya zile za GeV 60, na zikisukumwa juu na mtawanyiko zinajaza nafasi isiyo yao.

Saa 7:30 mchana
Ugali kwa mlenda.

Saa 8:30 mchana
Kupachika: jeti kutoka PYTHIA, programu ya kuigiza migongano, inaingizwa ndani ya tukio la mandharinyuma, jeti zinatafutwa upya, kisha ya kabla na ya baada zinalinganishwa. Nakubali jozi pale tu jeti iliyopatikana inapobeba zaidi ya nusu ya momenta ya ile ya awali. Kazi inagawanywa mafungu madogo, umeme ukikatika lipotee fungu moja. Kila fungu lipewe mbegu yake ya namba nasibu, la sivyo mafungu yote yatakuwa nakala za matukio yaleyale.

Baada ya kutoa rho, baadhi ya jeti huwa hasi. Wanafunzi hutaka kuzifuta. Zisifutwe: ukikata upande mmoja wa mtawanyiko, umehamisha wastani.

Saa 11:00 jioni
Kukunjua, yaani kuondoa athari ya mtawanyiko ili kupata momenta halisi za jeti, kwa njia ya Bayes ya kurudiarudia. Nusu ya matukio inajenga matriki inayounganisha momenta halisi na iliyopimwa, nusu nyingine inajifanya data. Marudio machache huacha jibu liking'ang'ania dhana ya mwanzo. Yakizidi, kelele inakuzwa na vipande jirani vya histogramu vinapanda na kushuka kwa zamu. Nachagua pale matokeo yanapotulia, kisha nayakunja tena kuona kama yanarudi kwenye data.

Leo R = 0.2 imefunga vizuri, yaani jibu lililojulikana limerudi, kuanzia GeV 40. R = 0.4 haiaminiki chini ya 60, na chini ya hapo sitachora hata nukta moja. Zinazofuata ni data za wazi za CMS, jaribio jingine la LHC, za 2010 na 2011. Kigunduzi kile kina upana mwingine na kalorimita zake (vipima nishati), kwa hiyo matriki ya leo haihamishiki.