Shotgani ya zamani yenye kompenseta: kabla hujaikata, ipige kwanza kwenye karatasi

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye haya mambo ya shotgani za zamani. Mtu anapata Winchester Model 12 au Remington Model 11 nzuri kabisa, mbao safi, mashine inateleza, ila mdomoni kuna lile dude la Cutts, ndo kompenseta yenyewe, kifaa chenye matundu matundu kinachofungwa mwisho wa mtutu, basi swali lake la kwanza ni fundi gani atamkatia. Hajapiga hata risasi moja! Hajui inapiga vipi, hajui mbele yake imefungwa tyubu gani ya kubana marisawa, yeye anataka ikatwe tu kwa sababu kaambiwa ni mbaya machoni. Mi nasema subiri kwanza.

Tuanze na choki, yaani kule kubanwa kwa mtutu mdomoni, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini yale madude yalitengenezwa. Mtutu wa geji 12 kwa ndani una upana wa kama milimita 18.5, ukikaribia mdomoni unabanwa kidogo ili marisawa yatoke yakiwa yameshikana. Na nikisema kidogo ni kidogo kweli, choki ya fulu inabana kama milimita 1 hivi, modifaidi nusu milimita, hata hazionekani kwa macho. Lakini kwenye karatasi utaona tofauti kubwa. Kipimo cha siku zote ni kupiga kutoka yadi 40, yaani mita 36 na nusu, afu unachora duara la inchi 30 pale yalipojaa zaidi na kuhesabu: fulu inatakiwa iingize kama asilimia 70 ya marisawa, modifaidi 60, mtutu usiobanwa kabisa kama 40.

Wazo hili ni la zamani. Pape, fundi bunduki wa Newcastle, alisajili lake Uingereza mwaka 1866, Roper kule Marekani akasajili la kufunga kwa skrubu mwaka 1868, afu Greener wa Birmingham ndo akaifanya dunia iamini pale bunduki zenye choki ziliposhinda majaribio ya 1875. Watu wakaipenda kupita kiasi. Miaka mingi baadaye viwanda vya Marekani bado vilikuwa vinauza pampu (unavuta kwa mkono kila ukipiga) na semi-oto (inajipakia yenyewe) zenye mtutu mmoja, choki moja isiyobadilika, na mara nyingi ni fulu, kwa sababu mnunuzi alifikiria bata walio mbali. Sasa huyohuyo akitaka kwenda kwa kware wanaoruka miguuni pake, afanyeje? Anunue mtutu wa pili, au bunduki ya pili, na siyo kila mtu aliweza.

Afu ukaja mchezo wa skiti, wa kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Charles Davies na wenzake wa Andover, Massachusetts waliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920, jina likapatikana 1926, na sahani zake zinapigwa karibu sana, ukiingia na fulu unajitesa bure. Hapo ndo Cutts ilipopata soko. Aliyeibuni ni Richard Cutts, ofisa wa kikosi cha wanamaji cha Marekani (Marine Corps), yeye na mwanawe, na ni wazo lilelile utakaloliona kwenye mdomo wa Thompson ya 1928, ile bunduki ya rashasha. Ya shotgani ilitengenezwa na kuuzwa na Lyman wa Middlefield, Connecticut. Ndani ni chumba kipana kuliko mtutu, kina matundu, gesi inatokea humo marisawa yanapopita kwenda kwenye tyubu ya mbele, hivyo bega linapumua kidogo. Ile tyubu ya mbele unaifungua na kufunga nyingine: ya kubana kwa mbali, ya kati, na ile spreda ya kutawanya kwa ajili ya skiti. Hebu fikiria, bunduki moja, mtutu mmoja, na choki unayoichagua wewe mwenyewe, miaka mingi kabla tyubu za kisasa za kufunga ndani ya mtutu hazijawa kitu cha kawaida. Kwangu hiyo ni akili kubwa na inastahili heshima.

Poly-Choke ya Hartford ni njia nyingine, wala haina tyubu za kubadilisha, unazungusha pete tu na vidole vya chuma vilivyo ndani vinabanwa au vinaachia. Weaver wa El Paso naye alikuwa na ya kwake ya tyubu.

Sikatai, lile dude lina uzito mdomoni, na kelele zake zinaenda pembeni, aliyesimama karibu na wewe atazisikia kuliko wewe mwenyewe. Hayo ni malalamiko ya haki. Ila kukata hakurudishi kitu! Aliyeifunga zamani alishaukata mtutu, na choki ya kiwandani iliondoka na kile kipande. Ukiing'oa Cutts leo unabaki na mtutu mfupi usiobana popote, hauna hata shanga ya kulengea maana shanga ilikaa juu ya dude, na thamani ya mkusanyaji haifufuki ng'o, ilishapotea siku ile ya kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi wanalisahau, na ndo linalonifanya nisisitize karatasi kila siku. Bunduki za kabla ya miaka ya 1960 zilipimwa kwa risasi za zama zake. Kizibo, kile kinachokaa kati ya baruti na marisawa, kilikuwa cha manyoya yaliyogandamizwa au karatasi ngumu, marisawa yakawa yanakwaruza kuta za mtutu na kupoteza umbo, yanaenda kombo, na ile kadi ya juu inayofunika marisawa nayo mara nyingine ilivuruga mtawanyiko. Kiwanda kilibana vile ili kufidia hayo yote. Kikaja kikombe cha plastiki kinachoyabeba marisawa hadi nje bila kugusa mtutu, basi mtutu uleule ulioandikwa modifaidi unaweza kukupa kama fulu, na fulu inabana kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Kwa hiyo zile nyota zilizogongwa kwenye mtutu wa Browning za Ubelgiji, moja fulu, mbili modifaidi, tatu silinda (isiyobanwa), zinakwambia nia ya kiwanda tu, zisikuamulie. Na ule mchezo wa kuingiza sarafu ya senti kumi ya Marekani mdomoni, eti isipoingia basi ni fulu, uache, sarafu ina upana wa milimita 17.9 lakini mitutu ya zamani haikuwa na upana mmoja, bila kupima ndani ya mtutu hujui imebana kiasi gani.

Marisawa ya chuma kigumu kwenye fulu ya zamani, sahau kabisa. Chuma hakibonyei kama yanavyobonyea marisawa ya madini laini ya risasi, kinasukuma pale penye kubana mpaka mtutu unavimba pete kwa nje. Vidole vya Poly-Choke ya zamani navyo sitavipa mzigo huo. Na kabla ya yote chemba, pale risasi inapokaa, ipimwe, bunduki nyingi za Ulaya za zama hizo zina chemba ya milimita 65 na risasi ya kawaida ya leo ni ya 70, inaweza kuingia vizuri tu ila mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka ikipigwa, presha inapanda. Mitutu ya damaski, ile ya zamani iliyosokotwa kwa vipande vya chuma, hiyo mpe fundi anayeijua, usijaribu.

Ukiwa na Cutts yako na tyubu imeganda, usiende na koleo la bomba, tafadhali. Hakikisha bunduki haina kitu, mwagia mafuta ya kupenya kwenye nyuzi, iache siku kadhaa, ongeza tena, afu tumia spana inayoikaa vizuri. Masizi ya miaka yote yako pale, yanataka muda. Ikifunguka safisha chumba chote na matundu yake, paka grisi kidogo kwenye nyuzi, na kila tyubu uliyonayo ipe karatasi zake kadhaa na risasi unayoitumia kweli, uandike kwenye daftari inaingiza ngapi na inaelekea wapi, maana zingine zinapiga juu kidogo na zingine pembeni.