Kabla ya kufungua nati yoyote, osha injini kwanza

Trekta letu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, la aina iliyoacha kutengenezwa Uingereza katikati ya miaka ya 1970, nalo bado linalima mashamba ya mahindi na mbaazi hapa Babati kila msimu. Kwa umri huo, tone moja au mawili ya oili asubuhi hayanishtui. Linalonitia wasiwasi ni tone nisilojua limetoka wapi, kwa kuwa oili hutambaa juu ya chuma, hupeperushwa na feni kuelekea nyuma, kisha hukusanyika kwenye ukingo wa chini kabisa, na fundi mwenye haraka hufungua pale inapodondokea.

Msimu uliopita tulibadilisha gasketi (kizuia-uvujaji kinachokaa katikati ya vyuma viwili) ya kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini, mara mbili katika wiki tatu. Mara ya pili fundi alikaza nati kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa kifuniko chenyewe ni bati tu, ukingo wake ukapinda na oili ikazidi kutoka.

Ndipo nilipoiosha injini nzima kwa dizeli na brashi, nikaifuta mpaka ikakauka, nikaipaka poda ya mtoto, kisha nikaiwasha kwa robo saa. Juu ya weupe ule, mstari mwembamba mweusi ulianza kushuka kutoka kwenye ukingo wa kifuniko, na nilipofungua kizibo cha kujazia oili, moshi ulitoka kwa kishindo. Bomba la kupumulia, linalotoa hewa ya ndani ya injini, lilikuwa limezibwa na vumbi lililoshikamana na oili. Nilichokoa kwa waya nikatoa donge zito kama udongo wa mfinyanzi. Hewa inayopenya kando ya ringi za pistoni ilikosa njia, ikawa inaisukuma oili kupitia gasketi iliyo dhaifu zaidi. Tulisafisha bomba, tukanyoosha ukingo juu ya ubao, tukafunga gasketi mpya kwa kukaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Mpaka leo ni pakavu.

Uvujaji wa kwenye ekseli ya nyuma siuvumilii hata siku moja, kwa sababu oili ikilowesha viatu vya breki, trekta lenye trela halisimami mteremkoni.

Chini ya nyumba ya klachi, sehemu iliyo kati ya injini na giaboksi, kuna tundu dogo lenye pini, na hilo halizibwi kamwe, maana oili ikikosa pa kutokea itafika kwenye klachi. Oili nyeusi hapo hutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Iliyo safi hutoka kwenye giaboksi. Letu kwa sasa linatoa matone manne meusi kwa usiku. Nimeweka karai lenye mchanga chini yake, ninapima oili kila alfajiri kabla ya kuwasha, na kazi ya kutenganisha injini na giaboksi ili kuifikia sili hiyo tumeipanga baada ya kuvuna mbaazi.