Mama mbele, mimi nyuma: wiki yetu ya miguu toka Kipushi hadi Lofoi

Mwezi wa sita mwaka jana, mimi na mama watoto tulitimiza safari tuliyokuwa tukiiahirisha tangu nilipopata pensheni ya reli: kwenda kuona maporomoko ya maji ya Lofoi, huku kwetu Katanga nchini Kongo, kwa miguu yetu wenyewe. Mimi nina miaka 68, yeye 64, na goti lake la kushoto linamsumbua tangu zamani. Watoto walisema tungoje kwanza. Tungoje nini, goti lipate ujana?

Mazoezi tuliyaanza mwezi wa nne, mvua zilipokatika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, tunashika njia ya upande wa bomba kubwa la moshi la kiwanda, tunarudi kabla teksibasi hazijajaa barabarani. Mgongoni nilibeba bidoni, yaani dumu, ya maji ya lita 5 ili mwili uzoee mzigo. Kilichotushinda mwanzoni hakikuwa goti, nilikuwa mimi. Miaka yote nilizoea kutembea peke yangu kando ya reli, hatua ndefu. Natangulia, nasimama, namngoja. Akifika tu mimi huyo, naondoka. Siku ya nne akakaa juu ya jiwe, akanitazama. "Baba, wewe unapumzika ukiningoja. Mimi napumzika saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu asubuhi ile yeye ndiye anayetangulia na mimi nafuata nyuma yake. Akipunguza mwendo napunguza, akisimama nasimama, na tunaondoka yeye akiwa tayari. Wazee wenzangu mnaotembea na wake zenu, jaribuni hilo kabla hamjanunua hata soksi. Kwetu lilibadili kila kitu: katika majuma sita tulitoka dakika 20 tukafika saa tatu nzima, bila goti kuvimba.

Jumatatu ya wiki yenyewe tulikwenda Kipushi, kama kilomita 30 tu, mpakani na Zambia. Nilitaka siku nyepesi ya kujaribu viatu. Mgodi wa pale ulisimama mwaka 1993, sasa umeanza tena kutoa zinki tangu 2024, na mji umechangamka. Tulizunguka taratibu, tukala michopo, nyama ya kuchoma, jioni tukarudi nyumbani. Mama alikuwa na lengelenge kisiginoni. Dawa yake aliijua mwenyewe: tangu siku ile anapaka sabuni kavu kisiginoni, kisha anavaa soksi mbili. Halikurudi.

Jumanne tulipumzika. Jumatano mpwa wangu akatupeleka Kundelungu kwa motokari ya magurudumu yenye nguvu, maana barabara ile ni vumbi na mashimo. Kundelungu, uwanda wa juu ambako Lofoi inaanguka, ni hifadhi ya taifa tangu 1970. Tulilipa kiingilio, tukapewa mlinzi wa kutuongoza, kijana mwenye adabu aliyeelewa haraka kwamba mwendo wa safari hii ni wa mama.

Huko juu ni nchi nyingine. Sisi wa Lubumbashi tumezoea msitu wa miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba. Kwenye uwanda ule ni majani makavu mpaka macho yanapoishia, kivuli hakuna. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani huna kiu, na hapo ndipo wazee tunapoanguka. Tulikunywa kwa saa, si kwa kiu: kila nusu saa vifuniko viwili vya termosi, maji yenye chumvi kidogo, sukari na ndimu. Kila mmoja lita 3 kwa siku. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tano tuko tayari chini ya miti ya kando ya kijito, tunakula karanga na viazi vitamu, hatunyanyuki mpaka saa tisa.

Usiku baridi ilikuwa kali kuliko nilivyotegemea. Mama alijaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga kwa kitenge, akaiweka juu ya goti ndani ya blanketi. Asubuhi chupa ilikuwa na uvuguvugu bado, na goti linakunjika vizuri.

Ijumaa saa nne tulifika ukingoni. Mto Lofoi unakuja mpole kati ya majani, halafu ardhi inakwisha na maji yanaanguka mita 340. Kwa kuwa ni kiangazi hayakuwa mengi, ulikuwa mkanda mweupe ambao upepo uliupeperusha kabla haujafika chini. Mbali kabisa chini, bonde la Lufira lilikuwa na moshi wa bluu wa majani yanayochomwa. Mama alikaa kimya muda mrefu, fimbo juu ya mapaja.

Mimi nilitaka kushuka hadi chini, nakiri. Lakini kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda, na kinachoshukwa lazima kipandwe. Nilimtazama yeye, si mlinzi. Akatikisa kichwa. Basi, tukabaki juu karibu saa mbili, na leo sijuti hata kidogo.

Jumamosi tulirudi mjini, na Jumapili tukamalizia upande wa Likasi, ila tuliishia kukaa Kapolowe zaidi, kwa ajili ya samaki. Tuliagiza bukari, yaani ugali, na samaki wa kukaanga karibu na mto. Mama aliuliza mto ule unaitwaje, mwuzaji akasema Lufira. Nikamweleza kwamba ni huohuo: unapita hapa, unaingia ziwa la Tshangalele, unaruka maporomoko ya Mwadingusha, unakwenda mpaka lile bonde tuliloliona toka juu, ambako maji ya Lofoi yanaukuta.

Aliacha kula. Akaosha mkono, akachukua fimbo, akashuka mwenyewe mpaka ukingoni kuutazama. Nilimfuata, hatua mbili nyuma.