Sifuri ni Nani Hapa? Daftari Lililonivusha Aljebra

Swali lililoniangusha lilikuwa fupi. Chukua namba nzima zote, hasi na chanya, kisha tukubaliane kwamba a * b maana yake ni a + b + 1. Onyesha kuwa hilo ni kundi la Abel, yaani seti yenye tendo lenye tabia za kujumlisha kwa kawaida. Basi.

Nilikuwa na miaka tisa kazini, nafundisha hisabati darasa la tatu hapa Moshi, na shahada naisoma jioni kwa elimu masafa. Kujumlisha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lakini kwa swali lile, tano na tatu zinatoa tisa, na mimi natakiwa nithibitishe kwamba hakuna kilichoharibika. Nilijaza ukurasa mzima na sikupata alama hata moja. Matokeo yalipotoka nikajikuta kwenye orodha ya mtihani wa marudio.

Jumamosi huwa namsaidia mama sokoni Mbuyuni. Siku moja mteja alichagua ndizi tano na maparachichi matatu, mama akamwambia, "Matunda manane, baba." Sentensi za namna hiyo nimezisikia tangu utoto, lakini siku ile ilinishika. Ndizi na maparachichi hayajumlishiki mpaka upate jina linaloyabeba yote. Darasani tunafanya vivyo hivyo na sehemu: nusu na theluthi hazikubali kujumlishwa mpaka zote mbili ziitwe sehemu za sita. Hapo nusu inakuwa tatu, theluthi inakuwa mbili, jumla tano ya sita. Ile sita ya chini tunayoiita asili ndiyo jina la pamoja, kama "matunda" ya mama.

Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani niliendelea kuliwaza jambo hilo. Kiswahili kinaivisha namba kama tatu ngeli ya kitu kinachohesabiwa: watoto watatu, vichane vitatu, maembe matatu. Lakini mtoto akihesabu vidole anasema "tatu" tu. Tatu hiyo tupu haiuzwi sokoni wala hakuna aliyewahi kuishika. Mtoto wa miaka saba anaivua namba watoto, vichane na maembe, anabaki nayo peke yake, kisha anaijumlisha na tupu nyingine. Hilo ni jambo kubwa mno, na nakiri kwamba kwa miaka yote tisa nimelipita haraka kuliko linavyostahili.

Mtazame mtoto huyo huyo akitafuta tatu kujumlisha mbili. Anaanzia tatu, anainua kidole, "nne", anainua cha pili, "tano". Mwaka 1889 Mwitaliano Giuseppe Peano aliandika misingi ya namba kwa alama, na kujumlisha kwake ni hicho hicho: a kujumlisha moja ni namba inayoifuata a, na kila ukisogeza namba ya pili hatua moja mbele, jibu nalo linasogea hatua moja. Niliposoma hapo nikawaona wanafunzi wangu na vidole vyao. Kwa Peano hakuna tena rundo la vitu linalounganishwa na rundo lingine. Kuna mwenendo tu.

Neno hilo, mwenendo, ndilo lililonifungulia mlango. Nilikuwa nauliza kila mara, "Tunajumlisha nini hapa?" Katika aljebra ya juu swali hilo halina msaada. La kuuliza ni: hiki kinachoitwa kujumlisha kina tabia gani? Nikanunua daftari la kurasa mia moja, nikaamua kila aina ya kujumlisha nitakayokutana nayo ipate ukurasa wake, na juu ya ukurasa niandike maswali mawili. Sifuri ni nani hapa, yaani nani ukimwongeza habadilishi kitu? Na kinyume cha kila mmoja ni nani, yaani yule wa kumrudisha kwenye sifuri? Chini yake ninahakiki mambo matatu: jibu halitoki nje ya seti, kuhamisha mabano hakubadilishi kitu, kubadili mpangilio hakubadilishi kitu. Ukiyapata yote hayo, una kundi la Abel. Limepewa jina la Mnorwe Niels Henrik Abel, aliyezaliwa 1802 na kufariki 1829 akiwa na miaka 26 tu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa madeni ya sokoni, mepesi. Wa pili, shufwa na witiri: witiri na witiri ni shufwa, witiri na shufwa ni witiri. Sifuri ni nani? Shufwa. Witiri ni kinyume chake mwenyewe. Mistari minne, kundi limekamilika.

Ukurasa wa saa nilikaa nao wiki nzima. Saa nne asubuhi ukiongeza saa kumi unapata saa mbili usiku, kwa hiyo kwenye uso wa saa nne na kumi ni mbili. Sifuri ni kumi na mbili, maana ukiiongeza mshale unarudi pale pale. Kinyume cha nne ni nane. Halafu nikagundua jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila kujua sababu yake. Simu yangu inasoma saa kwa mtindo wa Kizungu, na kichwani naigeuza. Ikiandika 10:00 natoa sita, napata saa nne. Ikiandika 2:00 naongeza sita, napata saa nane. Lini nitoe, lini niongeze? Haina tofauti! Kumi ongeza sita ni kumi na sita, toa mzunguko mmoja wa kumi na mbili, ni nne ile ile. Kwenye saa, sita ni kinyume cha sita, kwa hiyo kuongeza sita na kutoa sita ni tendo moja. Nilimweleza mama usiku ule, akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo nilikuwa sikosei." Yeye huongeza daima.

Baada ya saa mambo yalikwenda kasi. Vekta nilizipima shambani kwetu: tembea mita 30 mashariki, kisha mita 40 kaskazini, na kutoka ulipoanza uko mita 50. Thelathini na arobaini zimetoa hamsini kwa kuwa tunajumlisha mwendo pamoja na upande wake. Sifuri ni kusimama ulipo, kinyume ni kurudi ulikotoka. Ukurasa wa majedwali nilinakili mauzo ya mama na ya dada kwa wiki moja, siku kwa mistari, bidhaa kwa safu, nikajumlisha chumba kwa chumba. Sifuri ni jedwali lenye sifuri kila mahali.

Mtihani wa marudio haukuleta swali lile lile, lakini kabla ya kwenda nilikaa nalo tena mezani. Sifuri ni nani hapa? Natafuta nani nikimwongeza kwa tendo hili a inabaki a. Ni −1, kwa sababu a + (−1) + 1 ni a. Kumbe sifuri ya pale inaitwa −1, na mimi nilikuwa nahangaika na 0 kwa sababu ya jina lake tu. Kinyume cha a ni namba inayoirudisha kwenye −1, nayo ni −a − 2. Kinyume cha tano ni −7: tano toa saba ongeza moja, −1. Mabano yakihamishwa, pande zote mbili zinatoa a + b + c + 2. Dakika kumi, na jasho halikunitoka. Mtihani nikaufaulu kwa daraja B.

Muhula huu tuko kwenye jumla zisizokwisha, na hapo daftari langu limepata ukurasa mgumu. Chukua 1, toa nusu, ongeza theluthi, toa robo, endelea bila kikomo. Jumla inakaribia 0.693. Sasa vipande hivyo hivyo, bila kuacha hata kimoja, vipange upya: kimoja cha kuongeza, kisha viwili vya kutoa. Jumla inashuka hadi nusu ya ile ya kwanza. Mjerumani Bernhard Riemann alithibitisha kuwa kwa mfululizo wa namna hii unaweza kupanga vipande ukapata jumla yoyote uitakayo. Mama anaweza kupanga vikapu vyake atakavyo na hesabu ya jioni ikabaki moja, kwa sababu vikapu vinaisha.

Jana usiku nilikaa na kikokotoo nikahesabu vipande 60 kwa kila mpangilio. Wa kwanza ulinipa 0.685, wa pili 0.340. Nimeziandika zote mbili, na kwenye mstari wa "kubadili mpangilio" nimechora alama ya mkwaju, yaani hapana, kwa mara ya kwanza.